Jina Moja Limepungua

Hii nilipewa na Gaudiosa, wajukuu zangu, yule Gaudiosa wa Kamachumu aliyekuwa akifagia uwanja wa ndege kule Märsta, huku Sweden. Yeye hakusimuliwa na mtu. Alikuwepo, na chupa ya kahawa ilikuwa yake. Mwaka wa sabini na tano huo, mwezi wa tatu, theluji imeshaanza kuwa matope. Pale Jakobsberg ukitoka stesheni ya treni kulikuwa na benchi la mbao, limeegemea ukuta wa kibanda cha magazeti, na hatua sita kutoka hapo kuna sanduku la posta la njano. Kila Ijumaa saa kumi jioni watu wanne walikutana kwenye benchi lile, kazi zimekwisha, kila mmoja kashuka na treni yake. Gaudiosa anafungua chupa, vikombe vinne vya bati, kahawa ya kwao ina tangawizi ya kukutoa machozi. Waswidi wanapita mbio kuwahi majumbani, wanawatazama hawa watu waliokaa nje kwenye baridi bila kufungiwa mlango na mtu.

Benchi lile lilikuwa na sheria moja. Jina la karatasi unaliacha nyumbani. Aliyeanza ni Mkenya mmoja wa Nyeri, mrefu, anafunga breki za malori kiwandani huko Södertälje. Siku ya kwanza alipoulizwa anaitwa nani akasema, niiteni Breki, inatosha. Mwenzake akadaka hapo hapo, basi mimi niiteni Tume. Huyo Tume mtu wa Bukoba mjini, alikuja kusomea misitu akaishia kusukuma vitanda hospitalini, na jambo lolote ukimletea, hata mchuzi ukizidi chumvi, yeye anataka iundwe tume. Wa tatu alikuwa kijana wa Musoma, fundi wa mabasi gereji. Huyo walimwita Taa, kwa sababu akifika kwenye taa nyekundu anasimama. Kwa miguu. Barabara nyeupe, hakuna gari mpaka upeo wa macho, theluji inamjaa mabegani, naye kasimama tu anangoja ibadilike. Gaudiosa wakampa jina la Mama Chupa, ila Taa alimwita mama mdogo, na ndivyo alivyomshika.

Basi wote walidhani hayo majina ni mchezo. Gaudiosa peke yake ndiye alijua kwamba si mchezo.

Baridi ya mwaka uliopita Breki alishikwa na kichomi, Gaudiosa akampeleka zahanati. Nesi akatoka na faili, akaita, Wanjohi. Akaita tena. Mle ndani weusi walikuwa wawili tu, na nesi anamtazama Breki usoni, na Breki anatazama dirisha. Mara ya tatu Gaudiosa akampiga kiwiko, wewe, si unaitwa? Akaruka kama kamwagiwa maji. Njiani kurudi akamweleza, angefanya nini sasa. Wanjohi ni binamu yake. Ndiye aliyekuwa na kibali cha kukaa na cha kazi. Akachoka na baridi, akarudi kwao kulima, akamwachia vibali vyote na koti. Mwaka wa nne huu yeye ni Wanjohi kiwandani, Wanjohi kwa mwenye nyumba, Wanjohi hata kwa daktari. Jina lake hasa hakulitaja, na Gaudiosa hakuliuliza. Alilikunja jambo lile akaliweka anapoweka mambo ya watu.

Ijumaa hiyo ninayowaambia, Taa akaja na bahasha ya kaki kaificha ndani ya koti, kama mtu aliyebeba kifaranga.

— Shikamoo, mama mdogo.

— Marahaba, mwanangu. Kaa, unatetemeka.

— Si baridi, akasema Taa. Nimeijaza. Leo ndiyo mwisho, lazima ipigwe muhuri wa leo. Posta wanalifungua sanduku saa kumi na moja.

Breki akageuka kutazama saa ya stesheni. Saa kumi na dakika kumi.

— Kwani hii maneno ya polisi haijaisha? Si tuliongea wiki jana tukamaliza?

— Wewe ndiye uliyemaliza, kaka. Mimi mwakani nitakuwa nimezidi umri wanaoutaka. Ni leo au basi.

Sasa mjue, Taa hakuutaka upolisi kwa ajili ya bunduki wala kofia. Alitaka barabara. Alifika nchi hii mwaka wa sitini na sita, na wakati huo Waswidi waliendesha kushoto kama kwetu. Mwaka uliofuata, Jumapili moja alfajiri, nchi nzima ikahamia kulia. Wakatafutwa watu wa kujitolea wasimame njia panda kuwavusha watembea kwa miguu, na Taa, na Kiswidi chake cha maneno arobaini, akajiandikisha. Wakamvika kitambaa mkononi. Akaja bibi kizee mmoja na mkongojo, amechanganyikiwa, hajui atazame upande gani. Taa akainua mkono. Magari yote yakasimama. Bibi akavuka, akafika ng'ambo, akageuka, akampungia. Miaka minane baadaye Taa akilisimulia hilo mkono wenyewe bado unanyanyuka. Alitaka yale magari meusi yenye milango myeupe, akae barabara kuu ya kwenda kaskazini, watu wafike makwao wazima. Kwa ajili hiyo mwaka uliotangulia alirudisha pasipoti ya Tanzania akachukua uraia wa huku, na benchi zima lilimnunia Ijumaa mbili.

— Lete tuipitie, akasema Tume, miwani iko puani tayari. Karatasi haiondoki hapa bila kukaguliwa.

— Imeshakaguliwa.

— Na nani? Na wewe? Ndugu yangu, mtu hajikagui. Lete.

Akaanza kusoma ukurasa wa kwanza, analamba kidole kila anapofunua.

— Urefu, sawa. Macho, sawa. Leseni ya gari, unayo. Kuogelea. Unaogelea wewe?

— Mtu wa ziwani anaulizwa kuogelea?

— Ziwa lenu lina joto. La huku watakutupa mwezi wa pili, wametoboa barafu, wanahesabu mpaka sitini. Usicheke, Mama Chupa. Nimeambiwa na mgonjwa, na mgonjwa wangu alikuwa mpishi wa polisi.

— Mgonjwa wako alikuwa na homa, akasema Gaudiosa.

— Na mtihani wenyewe hauko kwenye barafu. Uko kwenye sahani. Wanakuweka chumbani na wenzako watano, wanaleta keki sita na kahawa, wanaondoka. Nyuma ya ukuta kuna mtu anawachungulia. Wanataka kuona nani atachukua ile ya mwisho. Mswidi hachukui ya mwisho. Anaikata nusu, kesho yake nusu ya nusu, mpaka inabaki punje. Sasa wewe, Taa, na njaa yako ya gereji.

— Nitaiacha.

— Utaiacha? Ukiiacha wanasema huyu mwoga, hawezi kuchukua hatua.

— Basi nitaichukua.

— Ukiichukua, mwizi. Hapo ndipo wanapowashinda watu.

Gaudiosa alisema walicheka, lakini Breki hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe mikononi, anaangalia sanduku la njano, anaangalia bahasha, anarudi kwenye sanduku.

— Nyinyi mnacheka, akasema. Mtu akishavaa hiyo nguo hawezi kuivua tena. Unafikiri watampa barabara? Wacha maneno. Watamuuliza, wewe unajua Waafrika wenzako wanakaa wapi? Nani anakula na nani? Kazi yake itakuwa hiyo.

— Watanipa barabara, akasema Taa. Nimeuliza. Mwaka wa kwanza chuo, halafu zamu za mjini, halafu unaomba.

— Unaomba. Na wao wanakupa redio.

— Redio ya gari.

— Redio ya kofia. Ndani ya kofia kuna waya. Mimi nimeiona kwa macho yangu, kule Södertälje, askari alivua kofia kwa joto, ilikuwa inalia kama nyuki. Unakuja hapa Ijumaa unakaa, Tume anaongea upuzi wake wa keki, na huko mjini mzee mmoja anaandika, Tume, keki.

— Mimi nikisikilizwa mjini itakuwa faida kwa mji, akasema Tume. Tuendelee. Ukurasa wa nne.

Ukurasa wa nne ndio ulioleta balaa.

Tume akausoma mara moja, akavua miwani akaifuta, akausoma tena. Ulitaka watu wawili. Watu wanaomjua mwombaji nje ya kazi, wamemjua si chini ya miaka mitatu, majina yao kamili na wanapokaa. Polisi watawatembelea nyumbani kuuliza tabia yake. Taa alikuwa ameandika mtu mmoja tu, Gaudiosa, kwa mwandiko mzuri kabisa. Nafasi ya pili kaiacha wazi.

— Hiyo ya pili ni yako, Breki, akasema Taa. Nilitaka nikuombe uso kwa uso. Na jina la karatasi silijui, hatujawahi kuambiana.

Breki akafungua mdomo, ila Tume akamtangulia.

— Ngojeni kwanza. Ngojeni. Hapa chini wameandika, wasiwe ndugu wa mwombaji.

— Si ndugu, akasema Taa.

— Mwaka jana nilipokujazia fomu ya uraia, waliuliza una ndugu gani hapa Sweden. Ulinijibu nini?

Taa akamtazama Gaudiosa.

— Ulinijibu, mama mdogo. Nami nikaandika. Mama mdogo, Gaudiosa, Märsta. Tena nikaandika kwa neno lao lile lenye maana ya dada wa mama, tumbo moja, halina ujanja.

— Wewe ukaandika hivyo?

— Wewe ukasema hivyo!

— Mimi namwita hivyo. Ningemwitaje?

Gaudiosa aliniambia hapo moyo wake ulifanya mambo mawili kwa pamoja. Alifurahi, kwamba serikali nzima ya Sweden ilikuwa na karatasi inayosema ana mtoto. Na hapo hapo akaona jina lake pale kwenye ukurasa wa nne haliwezi kukaa.

— Lifute tu, akasema. Niandike jirani.

— Haiwezekani, mama mdogo. Hawa wanalinganisha karatasi. Moja inasema ndugu, nyingine inasema si ndugu. Nitakuwa nimewadanganya polisi kabla hata sijawa polisi.

— Si uwaeleze.

— Nitawaeleza nini? Kwamba si dada wa mama yangu, ila ni mama yangu mdogo? Kwa lugha gani? Na saa ngapi?

Saa ya stesheni ilikuwa kumi na nusu. Taa akachukua kalamu, akakata jina la Gaudiosa kwa mstari mmoja, taratibu, kama mtu anayemwondoa mzazi wake kitini. Nafasi mbili wazi.

— Basi niandike mimi, akasema Tume. Miaka mitano nakujua.

— Asante, kaka.

— Ila. Wanakuja nyumbani kabisa?

— Ndivyo walivyosema.

— Ndani? Mpaka barazani?

— Una nini barazani kwako, Tume? akauliza Gaudiosa.

Tume akatazama mikono yake.

— Nina kuku.

Hata Breki akageuka.

— Ghorofa ya nne? akauliza.

— Mmoja tu. Ananiamsha. Jirani anadhani ni saa. Breki, usinitazame hivyo, mtu anahitaji kusikia kitu kikipiga kelele asubuhi. Tazama, niandike. Nitamhamishia kwa Mama Chupa siku hiyo.

— Mimi nakaa na Mswidi mzee chini yangu, akasema Gaudiosa.

— Tutaunda tume ya kuku. Niandike, Taa. Deusdedit. Andika hivyohivyo, mwisho ni t.

Na ikawa hivyo. Mtu wa kwanza kutaja jina lake la karatasi kwenye benchi lile alikuwa Tume, kwa ajili ya kijana wa Musoma na kuku wake mwenyewe hatarini. Taa akaandika, akapuliza wino. Kisha akageuka kwa Breki, kalamu iko juu.

— Wewe sasa. Jina kamili na mtaa.

Breki akasimama. Akaenda hatua mbili kuelekea stesheni, akarudi, hakukaa.

— Mimi siwezi.

— Huwezi nini?

— Kuandika. Mimi sipendi hii kitu, nilikwambia tangu mwaka jana. Tafuta mtu mwingine.

— Dakika ishirini na tano, Breki. Nimtafute nani, huyu mwenye magazeti?

— Huko kwetu polisi nawajua. Wakija kwa nyumba hawaendi bure. Wakikosa kitu kwako wanaangalia kwa ndugu yako, na kwa mtoto wa ndugu yako. Hata ukiapa, siku ya kuapa wanakupeleka chini ya ardhi, chini ya jiji hili kuna jiji lingine, wanakuuliza, ukimkuta mama yako na kosa utafanya nini? Na lazima useme. Kuna daftari huko la kila mtu aliyewahi kunywa kahawa na mtu mwingine. Wewe unafikiri ni mchezo?

— Hayo ya chini ya ardhi umeyatoa wapi? akauliza Tume, maana hata yeye yalimzidi.

— Nimeambiwa.

— Na nani?

— Nimeambiwa.

Mnaona mtu akiwa na hofu anavyoongea? Maneno yanakuwa makubwa, na lile moja dogo linabaki chini yake, limekaliwa. Gaudiosa alikuwa analijua hilo dogo. Analo kooni. Angelitoa, Taa angeelewa, na Breki angekuwa amekwisha. Akilimeza, hawa wawili wangeachana hapo kama maadui, na fomu ingebaki na tundu. Akafanya alichoweza, akamimina kahawa. Kikombe cha nne kikamwagikia kwenye glavu.

— Tuseme ukweli, akasema Taa, na sauti yake ikashuka, ikawa mbaya zaidi kuliko angepiga kelele. Unaniona sifai. Mimi nilikubeba mgongoni ulipovunjika mguu kwenye barafu. Miaka minne tunakula sahani moja. Nakuomba jina tu. Kitu ambacho mtu anampa hata karani wa posta. Na wewe unaniletea nyuki wa kofia.

— Taa.

— Sema basi kwamba sifai. Sema, niandike hapa kwamba rafiki yangu amesema sifai.

Breki akamtazama Gaudiosa. Mara moja tu, na kwa ufupi, kama mtu anayeangalia kama mlango umefungwa. Lakini mlinisikia nikisema Taa alikuwa mtu wa namna gani. Mtu anayengoja taa ibadilike amezoea kutazama. Akaona yale macho yalikokwenda. Akamtazama Gaudiosa, akaona ile glavu iliyolowa.

— Mama mdogo, kuna nini?

— Kunywa kahawa yako, mwanangu.

— Kuna nini?

— Kunywa. Inapoa.

Taa hakunywa. Gaudiosa anasema ungeona kabisa mambo yanavyojipanga usoni mwake, moja baada ya jingine: ile sheria ya majina, na aliyeileta. Breki kutopiga picha nao hata siku moja. Breki kutokwenda ubalozini sikukuu ya kwao. Barua za mama yake kuja kwa jina na anwani ya Gaudiosa. Vitu vya miaka minne, na vyote vilikuwa mezani siku zote. Kalamu ikashuka mpaka gotini.

Saa ya stesheni, kumi na dakika hamsini.

Na hapo, wajukuu zangu, Breki akakaa. Akakaa kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, mabega yakashuka.

— Andika, akasema.

— Breki, ngoja, akasema Gaudiosa.

— Wacha, mama. Mtu ameniomba jina. Si la kiwandani. Andika langu.

Akalitaja. Jina lake, na la baba yake, na la kijiji, alivyopewa na mama yake, akiyatamka polepole, kwa sauti iliyokuwa imekaa muda mrefu bila kufanya kazi hiyo. Hata Tume alijua hapo amesikia kitu ambacho si cha kusikia. Akavua miwani.

Taa akaishika kalamu. Akakitafuta kifuniko mfukoni, akakipata, akakifunga. Akakifunga vizuri, mpaka kikalia.

— Treni ilikuwa inapita, akasema. Sijasikia.

Hakukuwa na treni. Reli zote mbili zilikuwa tupu, unasikia maji yanadondoka kutoka paa la kibanda. Tume akafungua mdomo aulize treni gani, maana ndiyo kazi yake. Akaufunga. Gaudiosa anasema ni mara ya kwanza alimwona Tume akifanya hivyo.

— Basi nitarudia, akasema Breki.

— Usirudie. Ukirudia nitasikia. Na mimi nikisikia kitu sisahau, unanijua. Leo si polisi. Leo naweza kutosikia.

Akaikunja fomu, jina moja lipo, nafasi moja wazi. Akaitia ndani ya bahasha. Akalamba gundi, akaibana kwa kidole gumba huku na huku. Halafu akakaa nayo mapajani, asiinuke. Wote wanajua alichokuwa anakipima. Ikienda, ikikubaliwa, ipo siku atakaa hapa na mtu ambaye kazi itamtaka amjue. Isipoenda, atatengeneza mabasi mpaka uzee, na mkono wake utainuka usiku ndotoni. Hatua sita mpaka kwenye sanduku. Hakuna aliyemwambia nenda, wala kaa.

Gari la posta likasimama. Akashuka binti mdogo, mgeni, hawajawahi kumwona, kofia imemzidi kichwa, ana gunia na rundo la funguo. Akajaribu ufunguo wa kwanza, wa pili, wa tatu ukaingia. Barua zikaporomoka gunini. Akafunga. Alipogeuka akawaona watu wanne wamekaa wanyofu kama kanisani, wanamtazama, na mmoja ana bahasha kubwa mapajani. Akawauliza kwa Kiswidi, kwa upole tu, kama unavyomuuliza mtu yeyote:

— Na hiyo, inakwenda?

Wee. Tume, mwenye jibu la keki na la barafu, alifuta miwani. Gaudiosa alitazama chupa. Binti akangoja, gunia mkononi, akitabasamu, hajui alichouliza.

Breki akanyoosha mkono. Akaichukua ile bahasha kutoka kwenye mapaja ya Taa, na Taa hakuishika wala hakuiachia, aliacha tu ichukuliwe. Breki akaenda hatua sita. Akaitumbukiza gunini kwa mkono wake mwenyewe, akamwinamia binti kichwa kidogo, akarudi akakaa mahali pake.

— Bado kuna kahawa? akauliza.

Gaudiosa akaipindua chupa. Kikatoka kijiko kimoja na machicha ya tangawizi.

— Imekwisha, mwanangu.

Wakakaa hivyohivyo, na vikombe vitupu.

Sasa nawaona mnataka kujua, mmeshaanza kunong'onezana kwa Kiswidi chenu mkidhani sisikii. Barua ilijibiwa baada ya wiki tatu. Ya heshima kabisa. Walisema, jina moja limepungua, lete. Na aliyelileta hamtamdhani. Ni mama mmoja wa Kiswidi wa ghorofa ya chini kwa Taa, ambaye kwa miaka yote hiyo waliambiana hej na hej då tu, salamu na kwaheri. Alimkuta ngazini kashika barua, akamuuliza ana nini. Akasema, mimi nitaandika. Nakujua. Wewe ndiye unayesimama kwenye taa, mimi nakutazama dirishani kila baridi. Basi. Taa akaenda chuo, akapewa nguo, na mwisho akapewa na barabara yake.

Breki aliendelea kuja benchini mpaka ile wiki ambayo Taa alikuwa anamaliza chuo. Ijumaa iliyofuata hakutokea. Kiwandani wakasema Wanjohi ameacha kazi, amerudi kwao. Kama alirudi kweli, au alikwenda mahali akaanza na jina lake, Gaudiosa hakujua. Vikombe alibeba vinne, mwaka mzima. Taa naye alikuwa akishuka treni anabadilisha nguo kwanza chooni stesheni, anakuja na sweta lake la gereji, anaketi akiacha nafasi pale katikati.

Nami nilimuuliza Gaudiosa, maana mimi nami nina udadisi wangu. Nilimuuliza akiwa mgonjwa tayari, mambo yote yameshapita, hakuna wa kudhurika. Nikamwambia, dada, lile jina alilotaja siku ile, lilikuwa nani?

Akanitazama, akacheka kidogo na kifua chake kile.

— Treni ilikuwa inapita, akasema.

Haya. Wewe vuta blanketi lako, na wewe zima hiyo taa. Macho yafungeni, kesho kuna shule.